Mzazi, usimwitikie daktari huku moyo unakataa

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Mei, mama mmoja alimleta mwanawe wa kiume wa miaka sita katika kliniki yangu hapa Nairobi. Mtoto huyo alikuwa amekohoa usiku kwa miezi mingi. Kila alipocheza kandanda na wenzake, kifua kilimbana na pumzi ikatoa sauti kama ya mluzi. Baada ya kumpima na kuuliza habari za jamaa yake, nilitambua kwamba alikuwa na ugonjwa wa pumu.

Niliandika inhela mbili. Moja ilikuwa ya kuzuia ugonjwa, ya kutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Ya pili ilikuwa ya kutuliza, ya kutumiwa kifua kinapobana. Nilieleza kwa haraka kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu. Mwishowe nikauliza, "Umeelewa, mama?" Naye akajibu, "Nimeelewa, daktari."

Katika baridi ya Julai, mtoto yule alikimbizwa hospitalini saa tisa usiku akiwa hawezi kutamka maneno mawili mfululizo. Aliwekewa oksijeni, akalazwa siku tatu. Alipotoka, mamake alimleta kwangu tena. Nilipouliza kuhusu inhela ya kuzuia, alinyamaza kidogo, kisha akasema ilikuwa kabatini na haijafunguliwa.

Alikuwa amesikia kwa majirani kwamba inhela ni dawa ya wagonjwa walioshindikana, kwamba mtoto akiizoea hataiacha maisha yake yote, na kwamba hudhoofisha moyo. Nyanya ya mtoto aliapa kwamba katika nyumba yake kitu hicho hakitatumiwa. Basi mama akawa ananunua dawa ya maji ya kikohozi katika duka la dawa.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Daktari, ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyesoma."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetambua ugonjwa sawasawa na kuandika dawa sawasawa, lakini sikuuliza hata swali moja kuhusu mawazo ya mama yule. Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alielewe: dawa ambayo mzazi hakuikubali moyoni haimponyi mtoto, hata ikiwa ni nzuri namna gani. Uamuzi kuhusu matibabu ya mtoto unapaswa kufanywa na watu wawili, mzazi na mhudumu wa afya, kila mmoja akisema anayoyajua.

Kila mmoja ana ujuzi wake

Wazazi wengi hudhani kwamba kumuuliza daktari maswali ni kumkosea heshima. Wengine huogopa kwamba wakiuliza sana watafokewa, au mtoto hatahudumiwa vyema siku nyingine. Ni kweli kwamba wapo wahudumu wasiopenda kuulizwa. Hata hivyo, daktari aliyefunzwa vizuri anafahamu kwamba hawezi kumtibu mtoto bila msaada wa mzazi.

Daktari anajua ugonjwa, dawa, kipimo chake na madhara yake. Mzazi naye anamjua mtoto. Ni yeye anayejua ikiwa mtoto hutapika kila dawa iliyo chungu, ikiwa anashinda na yaya au na nyanya, ikiwa shuleni kuna mtu wa kumpa dawa ya saa saba, na ikiwa mshahara wa mwezi huu utatosha kununua chupa ya pili. Mambo haya hayaonekani kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya eksirei. Lakini ndiyo huamua iwapo matibabu yatafaulu.

Wazo hili si geni katika taaluma ya tiba. Mwaka 1982, tume iliyoundwa nchini Marekani kuchunguza maadili ya udaktari ilisema wazi kwamba uamuzi wa matibabu unapaswa kushirikisha mgonjwa na daktari wake. Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njias za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mgonjwa anapokuwa mtoto mdogo, mzazi au mlezi ndiye anayepokea maelezo hayo kwa niaba yake. Kwa hivyo, mzazi anayeuliza hafanyi ukaidi. Anadai haki ya mwanawe.

Hofu isiyosemwa

Turudi kwa yule mtoto wa pumu. Safari hii nilimwomba mama aje na nyanya, kwa sababu nilitambua kwamba katika nyumba ile neno la nyanya lina uzito. Tuliketi sote wanne. Badala ya kuanza kueleza, niliuliza, "Ni jambo gani linalowatia wasiwasi kuhusu dawa hii?" Kisha nikanyamaza, nikasikiliza.

Tulichukua hofu zao moja baada ya nyingine. Kwanza ilikuwa ile ya kwamba inhela ni dawa kali kuliko dawa ya maji. Hapa hesabu ilisaidia. Kijiko kidogo kimoja cha dawa ya maji ya salbutamol kwa kawaida huwa na mikrogramu 2,000 za dawa, ambazo hupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima. Ukipuliza inhela ya salbutamol mara mbili, mtoto hupata mikrogramu 200 pekee, yaani sehemu moja ya kumi, nazo huvutwa kuelekea pale pale panapougua. Ndiyo sababu watoto wanaonyweshwa dawa ya maji hutetemeka mikono na moyo kuwaenda mbio zaidi.

Pili, kuzoea. Dawa ya kuzuia pumu haina uraibu. Mtoto huitumia kwa muda mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu, kama vile mtu mwenye macho hafifu anavyovaa miwani kila siku. Pumu ikitulia kwa miezi kadhaa, daktari anaweza kupunguza kipimo hatua kwa hatua.

Tatu, nyanya aliuliza iwapo dawa hiyo ina madhara yoyote. Ingekuwa rahisi kumjibu kwamba haina. Lakini mzazi akidanganywa leo, hatakuamini kesho. Nilimwambia ukweli. Dawa ya kuzuia ina aina ya steroidi kwa kiasi kidogo. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, na ndiyo sababu mtoto husukutua kila baada ya kuitumia. Inaweza pia kupunguza urefu kidogo. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada, ambao uliwafuatilia watoto hadi utu uzima na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba waliotumia dawa ya aina hiyo kwa miaka kadhaa walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2. Kwa upande wa pili wa mizani kuna usiku kama ule wa Julai, na pumu inayoachwa bila kinga huweza kuua.

Nyanya alifikiri, kisha akasema, "Sentimita moja si kitu. Pumzi ndiyo mtoto."

Mwisho ilikuwa gharama. Mtoto wa umri ule anahitaji chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya mdomo wake na inhela ili dawa isiishie ulimini. Mama alisema waziwazi kwamba hangeweza kukinunua mwezi ule. Kama angalinyamaza, mtoto angalipuliziwa dawa mdomoni bure. Kwa vile alisema, nilimwonyesha namna ya kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyooshwa ikakauka, na kutobolewa tundu chini linaloshika inhela kisawasawa bila kuvujisha hewa. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo, ikizibwa vyema, hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mwombe mhudumu akutengenezee ya kwanza au akague uliyotengeneza.

Tukakubaliana dawa itolewe asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na nyanya ndiye awe msimamizi. Mazungumzo yale yalichukua kama dakika ishirini. Mtoto hajalazwa tena kwa ajili ya pumu.

Palipo na njia zaidi ya moja

Katika mfano huo, dawa iliyofaa ilikuwa wazi na jambo la kuamua lilikuwa namna ya kuitumia. Kuna magonjwa mengine ambapo njia zenyewe ni mbili au tatu, na hakuna anayeweza kusema kwamba moja ndiyo sahihi kwa kila mtoto. Mfano mzuri ni mafindofindo.

Watoto wengi hupata mafindofindo mara kwa mara, na wazazi huuliza iwapo wafanyiwe upasuaji. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni hiki: mtoto awe ameugua mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo. Aidha, kila mara iwe ni ugonjwa hasa, wenye dalili kama homa, usaha kooni au tezi za shingo kuvimba. Kuwashwa koo tu hakuhesabiwi. Ikiwa hajafikia hapo, mara nyingi ni bora kungoja, kwani watoto wengi hupata nafuu wanapoendelea kukua. Kungoja hakumaanishi kuacha kutibu. Kila anapougua apimwe, na akiandikiwa penisilini amalize kipimo chote, maana maambukizi ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuleta ugonjwa wa moyo.

Hata akifikia kiwango hicho, upasuaji si lazima. Faida yake ni kwamba ataugua koo mara chache zaidi, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili. Hasara ni maumivu yanayoweza kudumu hadi wiki mbili, hatari ndogo inayotokana na dawa ya usingizi, na uwezekano wa kutokwa na damu. Damu hiyo huweza kutoka siku ile ile, au baadaye, takriban siku ya tano hadi ya kumi, wakati mtoto yuko nyumbani.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kusema. Je, mtoto amekosa shule siku ngapi muhula huu? Je, nyumbani kwenu ni karibu na hospitali, au mnakusudia kumpeleka mashambani apumzike, mahali ambapo gari halipatikani usiku? Familia mbili zenye watoto wanaougua sawa zinaweza kufanya uamuzi tofauti, na zote zikawa zimeamua vyema. Lakini ikiwa mtoto anakoroma sana na pumzi inakatika kidogo akiwa usingizini, mwambie daktari bila kuchelewa, kwa maana hapo sababu ya upasuaji huwa na nguvu zaidi.

Ningependa kuongeza onyo. Wako wazazi ambao, wakichoshwa na kikohozi cha mtoto, humpeleka kwa mtu wa mtaani akakatwe kimeo. Njia hiyo haitibu kikohozi. Imewaletea watoto kuvuja damu, pepopunda na hata kifo. Ikiwa mtu wa familia analipendekeza jambo hili, usilifiche. Mlete azungumze na daktari, kama nilivyofanya na yule nyanya.

Kushauriana si kuagiza

Kuna wazazi wanaokuja wakiwa wameshaamua. "Daktari, mpige sindano tu," au "Niandikie antibayotiki, ile ya rangi ya waridi." Mtoto ana mafua ya kawaida, anacheza na anakula. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Kumpa mtoto dawa hizo bila sababu kunaweza kumharisha na kumtoa vipele. Pia huzifanya bakteria kuwa sugu, hata siku atakapozihitaji kweli zisimfae.

Katika hali kama hii daktari ana wajibu wa kukataa, na pia ana wajibu wa kueleza kwa nini anakataa. Mzazi naye aulize: "Nikirudi nyumbani bila dawa hiyo, nitajuaje kwamba mambo yameharibika? Nirudi lini?" Mzazi akiambiwa dalili za kuangalia na siku ya kurudi, hatalala akiwa na wasiwasi, wala hatahisi kwamba amefukuzwa mikono mitupu.

Pasipo na nafasi ya kungoja

Ni muhimu kukumbuka kwamba si kila wakati unaruhusu mashauriano marefu. Ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea au hazindukani, anahitaji kutibiwa mara moja. Kwa mtoto wa pumu, hatari ni pale ngozi ya kifua inapozama kati ya mbavu anapovuta pumzi, anaposhindwa kumaliza sentensi, midomo inapogeuka rangi, au inhela ya kutuliza inapokosa kumsaidia. Mkimbize hospitalini.

Katika dakika hizo, waache wahudumu wafanye kazi. Uliza baadaye, mtoto akishatulia. Wewe una kazi moja ya haraka: kusema ukweli wote. Taja dawa zote alizopewa, zikiwemo za kienyeji na zile za kuazima kwa jirani. Hapo ndipo aibu huweza kuua. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mtoto naye ana neno

Tunapozungumza juu ya watu wawili, tusimsahau wa tatu aliyeketi katikati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 1990, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake.

Mtoto wa miaka minne hawezi kuamua kama atachanjwa. Lakini anaweza kuamua ni mkono upi, na kama atapakatwa na mama au baba. Wa miaka minane anaweza kueleza mahali panapouma kuliko mamake. Wa miaka kumi na mitatu mwenye pumu au kisukari huenda akaacha dawa kwa sababu anaona haya mbele ya wenzake shuleni, na hatalisema hilo mbele ya wazazi. Mpe nafasi azungumze na daktari peke yake kwa dakika chache. Wala usimdanganye mtoto kwamba sindano haiumi. Mwambie itauma kidogo na itakwisha.

Maswali ya kwenda nayo

Najua muda wa daktari ni mfupi, hasa katika hospitali za umma ambako wagonjwa ni wengi. Ndiyo sababu ni vyema mzazi ajitayarishe. Andika maswali yako kwenye karatasi au kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Beba kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto pamoja na chupa za dawa alizotumia. Kisha uliza haya:

1. Mtoto wangu ana ugonjwa gani, au unadhani ni gani?

2. Kuna njia gani za kumtibu? Na tukingoja kwanza, itakuwaje?

3. Kila njia ina faida na hatari gani, na hutokea mara nyingi kiasi gani?

4. Itagharimu pesa ngapi, na kuna njia ya bei nafuu inayofanya kazi sawa?

5. Ni dalili zipi zitakazonifanya nirudi upesi?

Baada ya hapo sema na wewe lililo moyoni. "Daktari, naogopa dawa hii." "Sina pesa za kununua zote." "Baba yake hakubali." Sentensi moja kama hizo inaweza kubadilisha matibabu yote. Na kabla ya kuondoka, mweleze daktari kwa maneno yako mwenyewe jinsi utakavyotoa dawa nyumbani. Ukikosea, atakurekebisha papo hapo.

Kwa madaktari wenzangu, wauguzi na maafisa wa kliniki, nina ombi moja. Tuache lile swali la "Umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo" kila mara, kama nilivyojibiwa mimi mwezi ule wa Mei. Tumuulize mzazi ni lipi linalomtia wasiwasi, kisha tukae kimya tumsikilize.

Nawe mzazi, ukiona daktari anaandika na moyo wako unakataa, usiitikie tu ili utoke chumbani. Sema pale pale, mtoto akiwa bado magotini pako.